Miaka miwili nikifuta bluu: uzoefu wangu na LibreOffice Draw

Nina steshenari ndogo hapa Nyegezi, Mwanza, na nusu ya kazi yangu si kutoa kopi, ni kuchora. Mwanafunzi analeta karatasi ya daftari yenye maboksi matano na mishale inayopishana, anasema, "Kaka, nichoree hii, msimamizi anaitaka leo." Watu wa ofisini wanaleta muundo wa uongozi. Watu wa viwanda vya samaki wanaleta mtiririko wa uzalishaji, na hao ndio wenye pesa, na ndio wenye masahihisho.

Natumia LibreOffice Draw, programu ya kuchorea michoro kwenye kompyuta. Ni ya bure, haili bando, na mafaili yake natoa PDF bila shida. Hayo sina haja ya kuyazungumza sana. Nataka kuzungumzia kitu kimoja kilichonisumbua miaka miwili: namna ya kuifanya ichore ninavyotaka mimi tangu boksi la kwanza.

Ukiisakinisha tu na kuchora boksi, linakuja limejaa bluu, na maandishi yake ni fonti ya Liberation Sans ya pointi 18. Kwenye kioo panapendeza. Kwenye printa yangu ya wino mweusi bluu ile inageuka kijivu, na kopi ya kopi ikitoka, herufi hazisomeki. Pointi 18 nazo ni za tangazo la mnada. Andika "Kufungasha na kuweka lebo" uone yanavyotoka nje ya boksi pande zote mbili. Kwa hiyo kila kazi nilikuwa nachora kwanza, halafu nachagua vyote, naondoa rangi, napunguza herufi. Kila siku.

Njia ya kwanza niliigundua kwa bahati. Kama hujachagua umbo lolote halafu ukabadilisha rangi ya kujaza, maumbo yote utakayochora baada ya hapo yanafuata rangi hiyo. Nilifurahi sana. Nikafungua faili jipya, bluu ikanisalimia.

Aliyenilazimisha kujifunza vizuri ni dada mmoja wa kitengo cha ubora kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Alikuja na mchoro wa mpango wao wa HACCP, ule utaratibu wa kudhibiti hatari kwenye usalama wa chakula: kupokea samaki, kupima joto, kuosha, kutoa minofu, kuchuna ngozi, kusafisha minofu, kupanga kwa uzito, kugandisha, kufungasha. Maboksi ishirini na kitu. Nikachora, nikapaka mekundu yale ya hatua za hatari, akaondoka. Kumbe mchoro wa HACCP hauishii mezani: timu lazima itembee nao kiwandani kazi ikiendelea, ihakikishe kila hatua iko kama ilivyochorwa. Akarudi. Tulisahau njia ya mapanki, yale mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa. Akarudi tena, safari hii mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, nayo yana njia yake. Mara ya tatu bosi wake alitaka mistari iwe minene zaidi na herufi pointi 10, mchoro mzima.

Hapo ndipo nikafungua dirisha la mitindo, yaani mipangilio ya mwonekano iliyopewa majina, kwa kubonyeza F11. Kuna mtindo mmoja wa msingi ambao maumbo yote mapya yanaanzia kwake. Ukiuhariri, ukabadilisha unene wa mstari, rangi na fonti, kila boksi lililo chini yake linabadilika papo hapo, hata yaliyochorwa tayari. Nilikaa nikaangalia maboksi ishirini yanapungua herufi kwa pamoja nikajuta miaka yangu miwili. Yaliyogoma kubadilika rangi ni yale mekundu tu, kwa sababu niliyapaka kwa mkono, na rangi ya mkono inaushinda mtindo. Ukitaka nayo yatii, yachague halafu bonyeza Ctrl+Shift+M, yanavuliwa kila ulichoyavalisha kwa mkono. Sasa hivi nina mtindo mdogo niliouita "Hatari", uko chini ya ule wa msingi, na kazi yake ni wekundu tu.

Ila mtindo huo unakaa ndani ya faili lile lile. Faili jipya linaanza upya. Hili ndilo ninaloilaumu programu: jambo moja wameligawa vyumba viwili, na ukiingia kimoja tu hujafanya kitu. Chumba cha pili ni templeti, faili la mfano ambalo mafaili mapya yanaanzia kwake. Tengeneza faili tupu lenye mitindo yako, nenda menyu ya faili, lihifadhi kama templeti, na kwenye kidirisha hicho hicho kuna kisanduku cha kuweka tiki ili iwe ndiyo ya kuanzia. Usipoweka tiki, templeti itakaa tu huko kabatini. Ukiiweka, kila mchoro mpya unafunguka umeshavaa nguo zako.

Na kabla ya kuhifadhi, angalia ukubwa wa karatasi! Mashine yangu ilikuwa imewekwa Kiingereza cha Marekani, na Draw inafuata hapo: ukurasa unakuja wa Letter, milimita 216 kwa 279, wakati A4 yetu ni 210 kwa 297. Tofauti huioni kwenye kioo. Utaiona mteja amesimama dirishani na boksi la pembeni limekatwa. Hapa Nyegezi sijawahi kuona rimu ya Letter ikiuzwa. Rekebisha A4 ndani ya templeti, na vipimo viwe sentimita, umemaliza.

Kasoro ambayo sijaipatia dawa ni mishale. Mtindo wa msingi ni wa wote, maboksi na mistari. Siku moja nilijifanya mjanja nikauwekea kichwa cha mshale ili viunganishi, ile mistari inayounga boksi na boksi, vije na mishale yake. Vikaja kweli, na kila mstari mwingine ukaja nao, hata ule wa kawaida niliochora chini ya kichwa cha habari. Muundo wa uongozi wa taasisi ya watu ukawa una mishale inayoelekeza ukutani. Sasa nina mtindo wa pembeni unaoitwa "Mshale", na kila kiunganishi nakichagua nakivalisha. draw.io, programu nyingine ya kuchorea, wamelifikiria hili vizuri zaidi, maboksi yana mpangilio wake na mistari ina wake. Sijahamia kwa sababu michoro yangu yote ya zamani iko huku, na wateja wa samaki hurudi na faili la mwaka juzi.

Kwa kazi yangu naipa nne kati ya tano. Templeti yangu, faili la .otg, nimeiweka na kwenye flashi, maana mipangilio hii inakaa kwenye kompyuta moja tu, haihami yenyewe. Kompyuta ya pili hapa dukani, anayokaa kijana wangu, bado inachora bluu. Nimemwambia mara tatu achukue flashi. Anasema wateja wake wanaipenda.