Hija ya Namugongo: basilika nyota tatu, makumbusho nyota nne, mwongoza wageni tano

Wanajumuiya wenzangu wa Bukoba wanaojiandaa kupanda basi la hija kupitia mpaka wa Mutukula kwenda Namugongo, Uganda, walikouawa vijana Wakristo waliokataa kuikana imani, wananiuliza kama safari inafaa. Inafaa. Ila kama unataka kuona kitu, usiende tarehe 3 Juni, sikukuu yao. Siku hiyo utaona visogo na miavuli basi. Kaa, ngoja umati utawanyike.

Basilika ya Wakatoliki ilichorwa na Mswisi, Justus Dahinden, kwa umbo la msonge, nguzo 22 kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Sisi Wahaya kuoneshwa msonge na Mswisi! Altare iko pale Karoli Lwanga, kiongozi wao, alipochomwa peke yake mwaka 1886. Ndani ni pasafi na unaweza kusali bila kusukumwa. Lakini habari yenyewe inakufikia kavu: majina na tarehe. Ukitoka hapo unajua nani alikufa, hujui walikufaje.

Kwa hilo panda bodaboda uende upande wa Waanglikana, Nakiyanja. Hapo kuna makumbusho yenye sanamu za ukubwa wa mtu: wauaji waliotumwa na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, vijana waliofungwa, moto. Mama mmoja wa kundi letu alitoka nje akakaa kivulini. Watoto wadogo waacheni na mtu.

Lawama yangu ni moja. Aliyetengeneza sanamu zile aliyajua maumivu, furaha hakuigusa. Nilipita uso mmoja mmoja, hakuna anayetabasamu. Wakati simulizi inasema walitembezwa kutoka Munyonyo, kwenye ikulu ya Kabaka, wakiwa wachangamfu, wakaagana kama watu watakaokutana jioni, na Kizito, mdogo wao kuliko wote, akicheka. Wauaji ndio waliochanganyikiwa.

Aliyeniokoa ni mwongoza wageni. Kiswahili chake cha Kampala kinayumba, lakini hasomi popote, anasimulia kama habari za nyumbani kwao. Alituweka muda mrefu kwa Mbaga Tuzinde. Mukajanga, mkuu wa wauaji, alikuwa baba yake. Mzee alimbembeleza kijana aikane imani, akakataa. Mwishowe akaagiza apigwe shingoni kwanza ili asiungue akiwa hai. Nilikuwa nadhani furaha yao ni ya vijana wasiojua kinachowangoja. Huyu alijua kuliko wote, amekulia nyumba ya kazi hiyo, na mlango wa kutokea alifunguliwa na baba. Nikamuuliza mwongoza kama Mbaga naye alicheka. Akasema hilo halikusimuliwa, na yeye haongezi. Nyota ya tano aliipata hapo.

Jambo lililonikera kidogo: Wakatoliki na Waanglikana walichomwa tanuru moja, leo tunawahiji kwa mageti mawili. Mahujaji wengi wa kwetu wanaishia la kwanza na kurudi na dumu la maji ya hapo. Msifanye hivyo.

Vaa viatu vilivyozoea mguu, beba chenji ya shilingi za Uganda kwa ajili ya boda, na muombe mwongoza kabla hujaanza kuzunguka. Ukizunguka mwenyewe utaona moto tu.