Kuchaguliwa Tangu Asili au Hiari: Haki ya Mungu Iko Wapi?

Wafuasi wa Jacobus Arminius, mwanateolojia Mholanzi, walipotoa hoja zao tano nchini Uholanzi mwaka 1610, mwaka mmoja baada ya kifo chake, hawakukana kwamba wokovu ni kwa neema. Walichokana ni kwamba neema hiyo haiwezi kupingwa. Kwao, Mungu huwachagua wale aliojua tangu mwanzo kuwa wataamini, na asiyeamini hubeba lawama yake mwenyewe, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Sinodi ya Dordrecht, mkutano wa kanisa wa 1618 na 1619, ilijibu kinyume: mwanadamu amekufa katika dhambi, na maiti haiingii mlangoni hata ukiwa wazi, hivyo Mungu huchagua kwa mapenzi yake tu.

Katika suala la haki ndipo mvutano unapouma. Upande wa Dordrecht, unaofuata mafundisho ya mwanamatengenezo Yohane Calvin, husema hakuna awezaye kuudai wokovu kama deni, kwa hiyo anayeachwa hupata stahili yake tu. Hoja hiyo ni nzito, nami naiheshimu, lakini hainitoshi nimwazapo Esau, ambaye katika Warumi sura ya 9 anawekwa nyuma ya Yakobo kabla hajazaliwa, hajatenda jema wala baya. Upande wa Arminius unanituliza hapo, ingawa nao una swali lake gumu: ikiwa wawili wamepewa neema ileile na mmoja tu akaamini, tofauti hiyo imetoka wapi kama si kwake mwenyewe, na kwa nini basi asijisifu?