Nyumba ya kupanga pembezoni mwa Bend, Oregon
Nyumba niliyoipanga kwa wiki mbili iko upande wa mashariki wa Bend, mji wa jimbo la Oregon nchini Marekani, katika nyanda kame zilizo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ni safi na tulivu, ingawa mwenye nyumba hakunidokeza kwamba bila gari hata mkate haununuliki. Kilichonivutia zaidi ni jinsi mtaa unavyokoma ghafla: ng'ambo hii ya barabara nyumba zimebanana, na ng'ambo ya pili kuna miti ya mireteni, miamba ya volkano na mashamba ya majani ya mifugo yanayonyweshwa kwa mifereji itokayo mto Deschutes. Hilo halikutokea kwa bahati, kwani sheria ya mwaka 1973 ndiyo iliyoweka msingi wa kila mji wa Oregon kuchora mpaka wa ukuaji wake, na nje ya mpaka huo sehemu kubwa ya ardhi imetengwa kwa kilimo. Mandhari imenusurika, lakini kodi ya nyumba, kwa maoni yangu, haikunusurika kupanda, na wapo wafanyakazi wanaolala mji wa Redmond, upande wa kaskazini, na kuja Bend kila asubuhi. Ningepanga tena, ila si mwezi wa Agosti, ambapo moshi wa mioto ya nyika ulitulazimisha kufunga madirisha mchana kutwa.