TAHADHARI: Godoro la mtoto "mbili kwa nne" ambalo si mbili kwa nne

Mama vijacho, na nyie mnaowanunulia wifi na wadogo zenu, someni kwanza kabla hamjatuma hata mia. Kuna muuzaji wa seti za kitanda cha mtoto anayejitangaza WhatsApp na Instagram, anasema yuko Moshi mjini karibu na stendi. Kala 165,000 na nauli ya mzigo kuja Arusha 5,000. Aliyeliwa ni mimi, fundi ninayeshinda na futi shingoni. Chekeni, halafu msome.

Kwenye video aliyonitumia, godoro lilikuwa juu ya kaunta, futi kamba ya njano imelazwa juu yake, kidole gumba kimebana mwanzo. Kamera ikatembea taratibu mpaka mwisho: inchi 48, yaani futi nne. Upana: 24. Unene: 4. Sauti nyuma inasema, "Mama angu, hii mbili kwa nne kamili, pima na wewe ukipokea." Wauzaji wengi ukiwaambia wapime wananuna, huyu kapima bila kubembelezwa. Akaliweka kwenye mizani, kilo 3 na nusu, "density kubwa hii, si zile za kubonyea." Bei nayo haikuwa ya kutupwa. Ingekuwa 60,000 ningeshtuka.

Nimeirudia video hiyo mpaka bando limeisha. Kile kibati cha mwanzo wa futi hakionekani popote. Gumba halikubana mwanzo, lilifunika namba. Kwenye urefu futi imeanzia inchi ya 4, kwenye upana imeanzia ya 2. Godoro lililoshuka kwenye Coaster ni 44 kwa 22.

Msiseme inchi 4 ni kidogo. Kitanda mnakijua, ndani ni 24 kwa 48. Godoro likisogea upande wa kichwani, miguuni panabaki nafasi inayomeza ngumi yangu. Kati ya godoro na ubavu wa kitanda visipite zaidi ya vidole viwili. Mtoto akishaanza kujigeuza, uso unazama kwenye hilo pengo, sponji huku mbao kule, na shingo yake haina nguvu ya kujinasua. Kwa hiyo huyu mtu haibi hela tu.

Nikalipasua. Ndani hakuna sponji moja, ni vipande vya rangi tatu vilivyobandikwa gundi, na katikati pamebonyea, unene umebaki inchi 2 na nusu. Ule uzito ndio ulionipoteza. Sponji nzima ya 24 kwa 48 kwa 4, density 25 (kilo 25 kwa mita moja ya ujazo), haifiki kilo 2. Hili dogo lina kilo 3 na nusu kwa sababu vipande vimeshindiliwa na gundi imejaa. Kiganja kikikandamiza katikati, shimo linabaki. Sponji nzuri inarudi mkono ukiondoka tu. Harufu ya gundi haijaisha, siku ya 3 sasa nalianika juani.

Shuka limeandikwa pamba 100%. Nilichomoa uzi kwenye pindo nikauwasha: ukajikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge kigumu cheusi. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Lastiki ipo kwenye kona nne tu, tena kitambaa hakina nyongeza ya kukunjia chini, kwa hiyo kona moja ikivutwa shuka zima linafyatuka na linaweza kumfunika mtoto. Shuka la godoro la inchi 4 linakatwa 38 kwa 62, yaani pande zote umeongeza unene na inchi 3 za kuingia chini, na lastiki inazunguka lote. Mita 1 na 60 za kitambaa kisichorudi zinatosha. Kama ni pamba, ongeza kidogo na uloweke kabla ya kukata, maana itarudi.

Mto, bampa (ile mito ya kuzungushia kuta za kitanda) na duveti vilivyokuja kwenye seti sivitetei hata vingekuwa vizuri. Mtoto chini ya mwaka 1 halali navyo. Marekani bampa za sponji zimepigwa marufuku kwa sheria tangu 2022, huku kwetu tunauziwa kama pambo. Baridi ya Arusha ya Juni na Julai mvalishe nguo mbili tatu, blanketi zito la nini?

Huyu akamatwe! Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, imtafute. Na kifungo chake wampimie kwa futi inayoanzia sifuri.

Dalili zilikuwepo, nakiri. Lipa namba yenye jina la duka eti "mtandao unasumbua", akatoa namba ya kawaida. Kabla ya namba ya siri jina lilitokea la mtu mwingine kabisa, nikaambiwa ni la dada wa kaunta, nikakubali kama mtoto mdogo. Haraka haraka eti gari linaondoka. Risiti hakuna. Nikiomba kupiga simu ya video anajibu kwa sauti iliyorekodiwa. Ukitaka kupimiwa, dai kibati cha futi kionekane, au pimisha kwa karatasi ya A4, urefu wake ni sentimita 29.7, hiyo hana pa kuifunika gumba.

Namba yake nimeituma 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na polisi nimechukua RB, ile namba ya taarifa. Picha za video na godoro ziko kwenye simu. Lenyewe liko hapa kwenye cherehani limepasuliwa upande mmoja, anayetaka kuona matumbo yake apite kabla sijafunga saa 12 jioni.