Udongo mwekundu wa stonewea: kwa vikombe na sahani chukua, kwa chungu cha kupikia achana nao

Wakuu, mi nafinyanga hapa Ilemela, karakana ndogo tu, gurudumu moja na tanuru la umeme, na kila mtu akipita anauliza ule udongo mwekundu wa kwenye mfuko tunaoagiza kutoka Nairobi, stonewea, yaani udongo wa kuchomwa kwa moto mkali, una maana gani wakati Mwanza udongo mwekundu tunaukanyaga kila siku. Una maana, ila inategemea unataka kufinyanga nini, na hapo ndo watu wanapoteza hela.

Rangi isikudanganye kwanza. Huu na ule wetu wa bondeni wote una chuma, ni kutu ile ile inayofanya hata barabara ya vumbi iwe nyekundu. Tofauti iko kwenye moto. Mama zetu wanaochoma vyungu kwa kuni na majani wanafika nyuzi joto 600 mpaka 900 hivi za Selsiasi, na udongo wa bonde unaishia hapo vizuri kabisa, unakuwa mgumu lakini una vinyweleo. Stonewea yenyewe inataka nyuzi 1200 na kitu, wenye tanuru tunasema koni 5 au 6 (koni ni kijipande cha kupimia moto, kinapinda ukifika kiwango chake), na ikifika huko sehemu ya udongo inayeyuka kidogo ndani kwa ndani inaziba vile vinyweleo. Ndo maana kikombe chake kikikaa na chai usiku mzima meza haipati unyevu.

Kwenye gurudumu ni mtamu, sitaki kuficha. Unavutika, haulegei haraka, ukipandisha ukuta mwembamba unasimama. Huu nilionunua una chenga chenga za vigae vilivyosagwa na kwa bakuli kubwa na sinia zinasaidia sana, chombo hakipindi ovyo na kinakauka bila kupasuka, ila ukikaa kwenye gurudumu kutwa nzima viganja vinachubuka, kwa hiyo kama unafanya vikombe tu ulizia ule laini. Halafu unachafua, jamani! Kama unatumia na udongo mweupe tenga vifaa, ndoo, sponji, hata aproni, maana kidoa kidogo chekundu hukioni kwenye udongo mbichi, kinatokea baada ya moto kwenye kikombe cheupe cha mteja.

Kusinyaa usikuchukulie poa. Mwenye duka atakwambia asilimia 12 hivi, yaani kikombe ulichokifinyanga sentimita 10 kinatoka kwenye tanuru na 8.8. Ukiwa na oda ya hoteli wanataka sahani ya kumlaza sato mzima na kichwa chake, piga hesabu kabla hujakata udongo, sio baadae.

Kukausha kwa hapa kwetu ni shughuli. Miezi ya Juni mpaka Agosti upepo wa ziwa unakausha kishikio cha kikombe wakati mwili bado mbichi, na hapo ndo ufa unaanza pale kinapoungana. Funika. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 kwa hiyo ile nailoni nzito udongo uliokuja nayo usiitupe, ndo kifuniko chako.

Moto wa kwanza, kabla ya kupaka glezi (ule utando kama kioo juu ya chombo), mi napeleka nyuzi 1000 mpaka 1050 na napandisha taratibu. Udongo mwekundu una kaboni na uchafu mwingine ambao lazima uungue na gesi yake itoke mapema, ukikimbiza, moto wa pili gesi inakosa pa kutokea na chombo kinavimba malengelenge kama andazi. Na ukizidisha moto wa juu nako malengelenge yale yale, kwa sababu chuma chenyewe kinasaidia udongo kuyeyuka na kinaachia oksijeni, hivyo huu hauna msamaha kama ule mweupe. Karibu na nyuzi 573 pia punguza mwendo, kupanda na kushuka, chembe za kwatzi, madini kama ya mchanga yaliyomo kwenye udongo, zinabadilika ukubwa ghafla hapo na sahani pana ndo zinaumia.

Rangi ikitoka sasa, asee. Kwenye tanuru la umeme inakuja kahawia nyekundu ya joto, na kwenye tanuru la gesi au kuni ukibana hewa inaenda kwenye kahawia nzito mpaka karibu na nyeusi. Glezi nyeupe juu yake ndo naipenda kuliko zote, kwenye kingo inakuwa nyembamba chuma kinachungulia, kikombe kinapata mstari wa kahawia mdomoni bila wewe kuchora chochote. Glezi angavu ya kijani au bluu usitegemee, itafifia. Ukitaka rangi ziwake paka kwanza uji wa udongo mweupe. Wachina wa Yixing wao hawapaki kitu kabisa, birika zao za chai za udongo mwekundu zinachomwa tupu na ni maarufu karne na karne.

Sasa kwenye chungu. Kuna mtu alitaka nimfinyangie vyungu vya kupikia vya stonewea eti vitadumu zaidi kuliko vya sokoni. Hapana. Kitu kilichoziba vinyweleo hivyo ukikiweka juu ya jiko la mkaa kitako kinapata moto ubavu bado baridi, kinapasuka. Chungu cha mama wa kijijini chenye mchanga na vinyweleo kinavumilia, ufa ukianza unakutana na tundu unaishia hapo. Vyungu vya Urewe, ufinyanzi wa kale wa huku kwetu, vilivyochimbuliwa kuzunguka ziwa hili vingine vina miaka zaidi ya 2000, kwa hiyo hao watu hawakuwa wanabahatisha. Mtungi wa maji nao vile vile, maji yanapoa kwa sababu yanajipenyeza nje yanakauka na upepo, stonewea itakupa maji ya vuguvugu tu.

Ukinunua usiamini maneno ya kwenye mfuko, pima. Choma kipande bila glezi, kipime kwenye mzani kikiwa kikavu, kichemshe masaa kadhaa, kifute, kipime tena. Kama gramu 200 imekuwa 204 kimenyonya maji asilimia 2, safi kwa vyombo vya chakula. Ikifika 5 au 6 moto wako haujatosha, angalia koni zako.

Bei imechangamka na usafiri unauma kuliko udongo wenyewe, kwa hiyo agizeni wafinyanzi wawili watatu kwa pamoja. Kuhusu kuuchanganya na wa bonde ili kupunguza gharama, inawezekana, anza na kidogo sana, ila wa bonde peke yake kwenye nyuzi 1200 unaweza kulegea ukamwagika, kwa hiyo kipande cha majaribio kiweke ndani ya kisahani chenye kingo, shelfu za tanuru hazinunuliki kirahisi huku.