Darubini niliyouziwa mjini Dodoma: kasuku mmoja, nawaona wawili

Darubini ikikupa ndege wawili pale alipo mmoja, hiyo ni mbovu, na anayekuuzia kisha akakucheka ni mbovu zaidi. Jina la duka nalihifadhi. Ni duka la simu na redio hapa mjini, na darubini zenyewe wamezipanga kwenye kabati la kioo zinang'aa kweli kweli.

Niliinunua kipupwe kilipoanza, kwa sababu huo ndio wakati wa kutazama ndege huku kwetu. Mibuyu imepukutisha majani, migunga imebaki miiba, ndege hana pa kujificha. Mbayuwayu wa Ulaya wameshaondoka na hawarudi hadi mwezi wa kumi hivi, kwa hiyo anayejifunza anabaki na wenyeji tu, na wenyeji wetu si wa kubeza. Yule kasuku mdogo wa kijani, kichwa cheusi, ukosi wa njano, asili yake ni Tanzania peke yake. Wale wanaoonekana Nairobi wametokana na waliopelekwa na watu. Kuna na kwezi wa rangi ya majivu, mwenye mkia mrefu, ambaye watu hupanda ndege kutoka mbali kuja kumtafuta. Mimi namuona ukutani kwangu Nzuguni. Beseni la maji nje ya jiko linatosha kuwaita, maana mvua ikishakata huku, ni vumbi na upepo mpaka karibu na mwisho wa mwaka.

Sasa basi. Nilichotaka ni kitu kidogo sana: wale chiriku wa buluu wanaokuja kunywa, nijue yupi dume mwenye shavu jekundu na yupi mwenye kichwa chote cha buluu. Kwa macho matupu ni buluu tu inayorukaruka. Nikaelekeza darubini, nikazungusha gurudumu, picha haikutulia. Upande wa kushoto ulimweka ndege juu, wa kulia ukamweka chini. Nikaminya, nikalegeza, nikafuta lenzi kwa khanga, wapi! Kichwa kikaanza kugonga. Ndani ya darubini kuna vioo vya kukunja mwanga, pande zote mbili, na kimoja kikikaa upande hata kidogo macho hayawezi tena kuunganisha picha. Hilo halirekebishwi kwa gurudumu.

Nikarudi dukani. Kijana hakunipa hata shikamoo.

"Mama, hiyo umeiangusha."

"Sijaiangusha, mwanangu. Hebu itazame mwenyewe."

Hakuitazama. Hakuishika hata kwa kidole, macho yako kwenye simu. Akaniambia mali ikishauzwa hairudishwi, kisha akaongeza kwa sauti ya kusikiwa na wateja: "Na ndege wote hawa wa nini mama, si ungenunua kuku?" Watu wakacheka. Mimi ni mtu mzima, nimetoa laki na ushee yangu, nachekwa kwa sababu nataka kumjua ndege anayekunywa maji uani kwangu! Nilitoka pale natetemeka, na hata sasa ninapoandika sijapoa. Sifuri. Hawastahili hata nyota moja.

Ila haki nayo isemwe. Niliziba lenzi ya kushoto kwa kitambaa, nikatazama kwa jicho la kulia peke yake, na upande huo, jamani, ni safi ajabu. Nilimuona chiriku ameinamisha kichwa ukingoni mwa beseni, doa jekundu shavuni kama limechorwa kwa kalamu, tone la maji limening'inia mdomoni. Nikamuona yule kwezi, jicho lake la njano hafifu likinikazia. Kasuku mmoja alitoa kichwa kwenye tundu la mbuyu, duara jeupe limezunguka jicho, mdomo mwekundu, nikajisahau na chai ikapoa. Majina nayapata kwenye programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ambayo ni ya bure.

Kwa hiyo nusu ya darubini ni nzuri kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo hasira inaporudi, maana nililipia nzima. Ukienda kununua, popote pale, usikubali kuijaribia ndani ya duka. Toka nayo barazani, ielekeze kwenye waya wa umeme wa mbali, tazama kwa macho yote mawili. Ukiona waya mmoja umekuwa miwili, irudishe kabla hujatoa hela.

Nilisema sirudi pale tena. Wakileta nyingine yenye pande zote mbili kama huu wa kulia, nadhani nitarudi. Lakini anihudumie mtu mwingine, na anisalimie kwanza.