TAHADHARI: Kabureta kuukuu zinauzwa kama mpya ndani ya maboksi yaliyofungwa

Ninawatahadharisha wenye pikipiki, hasa wanaotumia Boxer kama mimi, kuhusu muuza spea mmoja wa Kariakoo anayetangaza mtandaoni kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini) "orijino, boksi halijafunguliwa". Mimi nilielekezwa kwake na fundi.

Pikipiki yangu ilikuwa ikidondosha petroli kupitia mpira mdogo ulio chini ya bakuli la kabureta, hata ikiwa imezimwa, mradi koki ya mafuta iko wazi. Fundi aliitazama bila kulegeza skrubu hata moja, akasema kabureta imekufa, akanipa namba ya muuzaji. Nililipa shilingi 65,000 kwa simu, mzigo ukaletwa na bodaboda, ukafungwa kwenye pikipiki siku hiyo hiyo. Fundi aliomba nimwachie ile ya zamani "akaitupe". Nilikataa, wala si kwa ujanja, ila nina mazoea ya kutotupa chuma.

Usiku wa tatu harufu ya petroli ilijaa barazani ninapoegesha. Asubuhi nilipokagua oili, ilikuwa imepanda kupita alama ya juu, nyepesi na yenye kunuka petroli, maana mafuta yaliyofurika yalikuwa yamepenya kwenye silinda na kushuka hadi chini ya injini. Kuendesha katika hali hiyo ni kuisaga injini, na cheche moja tu barazani ingetosha kuleta moto.

Fundi mwingine, mzee asiye na maneno mengi, aliifungua kabureta hiyo "mpya" mbele yangu. Kwa nje iling'aa, lakini chini ya rangi mpya ya fedha vichwa vya skrubu vilikuwa vimeliwa na bisibisi, jeti (vipande vyenye vitundu vya kupimia petroli) zilikuwa na mikwaruzo, na ndani ya bakuli mlikuwa na doa la kahawia ambalo huachwa na petroli iliyokauka. Ncha ya mpira ya sindano inayofunga njia ya mafuta bakuli likijaa ilikuwa imechimbika duara, kwa hiyo boya lilipopanda na kuisukuma, haikuweza kuiziba njia hiyo. Mzee aliipindua kabureta juu chini ili uzito wa boya uikandamize sindano, akapuliza kwenye mdomo wa kuingizia mafuta, na pumzi ikapita bila kizuizi. Kisha akaichukua ile yangu ya zamani, akaisafisha, akabadilisha sindano kwa shilingi 4,000, akapuliza tena: pumzi ikagoma. Ndiyo ninayoendeshea hadi leo.

Siwezi kuthibitisha kwamba kabureta zinazoachwa kwa fundi yule wa kwanza ndizo zinazorudi sokoni zikiwa zimepakwa rangi, ila nimelifikiria sana lile ombi lake. Muuzaji nilipompigia alijibu kwamba spea iliyokwisha kufungwa hairudishwi, na tangu hapo simu zangu hazipokei. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) hakunipa, nami kwa uzembe wangu sikuidai.

Ukiambiwa ununue kabureta nzima kwa sababu ya uvujaji, dai kwanza bakuli lifunguliwe ukiwepo. Ukinunua, fungua boksi na bakuli kabla ya kulipa, na ya zamani ondoka nayo. Ile ya 65,000 nimeihifadhi pamoja na boksi lake na ujumbe wa malipo, kwa ajili ya malalamiko ninayoyaandaa kwenda Tume ya Ushindani (FCC). Aliyeuziwa ya namna hiyo asiitupe.